Pima jasho lako kwanza, ndipo ujaze chupa

Ushauri wa "kunywa maji mengi ukifanya mazoezi" una kasoro kubwa: hausemi mengi ni kiasi gani, wala ni mengi kwa nani. Watu wawili wakikimbia bega kwa bega, mwendo uleule, jua lilelile, mmoja anaweza kutokwa nusu lita ya jasho kwa saa na mwenzake lita mbili. Alberto Salazar, mkimbiaji wa marathoni wa Marekani, alipopimwa akijiandaa kwa Olimpiki ya Los Angeles ya 1984, alikutwa akitokwa takriban lita 3.7 kwa saa. Ukimpa mtu wa namna hiyo kipimo kilekile cha maji unachompa asiyelowesha hata fulana, utamkausha mmoja na kumfurisha mwingine. Ndiyo maana kazi hii huanzia kwenye mizani, chupa inafuata baadaye.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Misuli ikifanya kazi, karibu robo tatu au zaidi ya nishati yake huishia kuwa joto, na njia kuu ya kulitoa joto hilo ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Linalopoza ni jasho linalokauka. Lile linalodondoka chini limepotea bure. Maji hayo hutolewa kwenye damu. Damu ikipungua ujazo, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kufikisha kiasi kilekile kwenye misuli na kwenye ngozi, na ndipo mwendo uliokuwa mwepesi dakika ya ishirini unakuwa mzito dakika ya sabini. Kwa walio wengi, mzigo huo huanza kuonekana waziwazi uzito ukishapungua zaidi ya asilimia 2, hasa kwenye joto. Chini ya hapo mwili hustahimili vizuri, kwa hiyo hakuna haja ya kurudisha kila tone wakati mazoezi yanaendelea.

Namna ya kupima

Unahitaji mizani ya kupimia mwili inayoonyesha tofauti ya gramu 100, taulo, chupa yenye alama za mililita na karatasi ya kuandikia. Chagua siku ya mazoezi ya kawaida ya saa moja.

1. Nenda haja ndogo, vua nguo zote, jipime. Andika.
2. Jaza chupa kwa kiasi unachokijua, mfano mililita 750, unywe humo tu.
3. Fanya mazoezi kwa dakika 60 kamili kwa kasi yako ya kawaida. Kama kuna joto, andika hali ya hewa ilivyokuwa.
4. Ukimaliza, vua nguo, jifute jasho lote pamoja na la kichwani, jipime tena kabla hujanywa wala kwenda haja.
5. Angalia chupa imebaki na kiasi gani.

Tuseme ulianza na kilo 68.4 ukamaliza na 67.6. Umepungua kilo 0.8. Chupa ilikuwa na mililita 750, zimebaki 350, maana yake umekunywa 400, yaani lita 0.4. Jumlisha: 0.8 na 0.4 ni 1.2. Unatokwa lita 1.2 za jasho kwa saa, kwa kasi ile na hali ya hewa ile. Kilo moja huhesabiwa kama lita moja. Sehemu ndogo ya uzito huo ni mafuta na wanga vilivyochomwa pamoja na mvuke wa pumzi, lakini kwa mazoezi ya saa moja au mbili tofauti hiyo haibadilishi uamuzi wowote. Ukienda haja ndogo katikati, kadiria kiasi chake na ukitoe kwenye jibu.

Makosa yanayoharibu hesabu ni yaleyale kila mara. La kwanza ni kujipima na nguo: fulana na kaptula zilizoloa hubeba jasho ambalo limeshatoka mwilini, mizani ikalihesabu kana kwamba bado ni lako. La pili ni kuweka mizani juu ya zulia. Iweke kwenye sakafu ngumu, mahali palepale mara zote mbili. La tatu ni kupima siku moja ya baridi kisha kuitumia namba hiyo mwaka mzima. Pima angalau mara tatu: siku ya baridi, siku ya joto, na siku ya mazoezi makali. Wiki mbili za kwanza katika joto jipya mwili hujifunza: huanza kutoa jasho mapema zaidi, kwa wingi zaidi, na lenye chumvi pungufu. Namba ya siku ya kwanza haitafaa siku ya kumi na nne.

Kutoka namba hadi mafunda

Chukua mtu yuleyule wa kilo 68.4. Asilimia 2 yake ni kama kilo 1.37, tuseme 1.3 ili kubaki salama. Akikimbia saa mbili atatokwa lita 2.4. Toa 1.3, inabaki lita 1.1 ambayo anapaswa kuinywa njiani, yaani takriban mililita 550 kwa saa, au 140 kila dakika 15. Sasa, hakuna anayekimbia na kikombe cha vipimo mkononi. Jaza chupa, piga mafunda kumi ya kawaida, uangalie imepungua kiasi gani. Ikiwa ni mililita 250, funda lako moja ni 25, na zile 140 ni mafunda matano au sita. Namba hiyo ya mafunda ndiyo ya kukariri.

Akikimbia saa moja tu, hesabu inasema hana haja ya kunywa chochote: lita 1.2 ni pungufu ya kikomo chake. Hii ndiyo hali ya wengi wanaofanya mazoezi ya dakika 40 au 50. Wakianza wakiwa wamekunywa vizuri, chupa njiani ni ya kulainisha koo, na maji matupu yanatosha kabisa.

Kuna kikomo kingine upande wa pili. Tumbo la watu wengi wakiwa mwendoni hupitisha takriban lita moja kwa saa, na wakienda kasi sana hata hiyo huwa taabu. Kama jasho lako ni lita mbili kwa saa, usijilazimishe kulifikia. Maji yatajaa tumboni yakichezacheza kila hatua, kisha kichefuchefu. Mtu wa jasho jingi hivyo hupunguza hasara kwa njia nyingine: anaanza mapema kabla jua halijapanda, anapunguza kasi, anajimwagia maji kichwani na shingoni. Tumbo pia hufundishika. Anza na nusu ya lengo lako, ongeza kidogo kila wiki kwenye mazoezi marefu. Usijaribu mpango mpya siku ya mashindano.

Na kiu je? Maneno kwamba "ukisikia kiu umeshachelewa" yamewatia watu hofu isiyo na msingi. Kiu huamka mapema, damu ikishazidi ukolezi kwa asilimia mbili hivi, kabla ya madhara makubwa. Kwa mtu mzima mwenye afya anayefanya mazoezi ya kawaida, kunywa kwa kufuata kiu ni utaratibu mzuri na salama. Mahesabu ya hapo juu ni kwa ajili ya mazoezi marefu, joto kali, watokwao na jasho jingi, na vituo vya maji vilivyoachana mbali ambako huwezi kunywa saa unayotaka. Wazee ni jambo jingine. Kiu hufifia kadiri umri unavyosonga, hivyo wao wanywe kwa saa, si kwa hamu.

Kabla ya kuanza

Saa nne hivi kabla, kunywa mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito wako. Kwa kilo 68 hiyo ni kati ya 340 na 480. Zikibaki saa mbili, ukiona hujapata haja ndogo au mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, ongeza mililita 3 hadi 5 kwa kilo. Ukiwa wa manjano hafifu, kama maji yaliyokamuliwa ndimu, acha. Kunywa lita nzima dakika kumi kabla ya kuanza hakusaidii. Figo zitayatoa, nawe utatafuta choo kilomita ya tatu.

Rangi ya mkojo ni kipimo kizuri cha asubuhi, lakini kina udanganyifu wake. Vidonge vya vitamini B huupaka manjano ya kung'aa hata kama umekunywa vya kutosha. Na ukinywa maji mengi kwa mkupuo, mkojo hutoka mweupe wakati mwili bado una deni. Linganisha rangi na uzito wako wa asubuhi: ukipungua zaidi ya asilimia 1 kutoka uzito wako wa kawaida na mkojo umekolea na una kiu, mambo hayo matatu kwa pamoja hayadanganyi. Kahawa au chai uliyoizoea asubuhi haikukaushi. Kinywe kama kawaida, na maji yake yanahesabika.

Chumvi na sukari

Maji matupu yana mwisho wake. Ukizidi saa moja na nusu, au jasho lako likiwa jingi, weka kitu ndani ya maji. Sukari ni kwa ajili ya nguvu, gramu 30 hadi 60 kwa saa, lakini pia ni kwa ajili ya maji yenyewe: utumbo mdogo una milango inayopitisha sodiamu (madini yaliyo ndani ya chumvi) na sukari kwa pamoja, na maji huvifuata. Chumvi husaidia maji kubaki kwenye damu na huifanya kiu iendelee, ili usiache kunywa mapema.

Kinywaji cha kutosha hutengenezwa hivi. Chukua kijiko cha chai, ujaze robo yake chumvi ya mezani. Hiyo ni takriban gramu 1.5 za chumvi, ndani yake mna kama gramu 0.6 za sodiamu. Ongeza vijiko vitano vya chakula vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu kisibaki kilima juu. Ni kama gramu 60. Yeyusha kwenye maji kidogo ya moto hadi punje ziishe kabisa, kamulia nusu limau, kisha ongeza maji baridi hadi jumla ifike lita moja. Zingatia hapo: ongeza hadi ifike lita moja, usichanganye juu ya lita ambayo tayari imejaa. Onja. Kinatakiwa kiwe na utamu mwepesi na chumvi isikike kwa mbali tu. Kikiwa na ladha ya machozi, umezidisha chumvi. Mwaga uanze upya. Kwenye joto kali punguza sukari hadi vijiko vitatu au vinne, kwani hapo unahitaji maji kuliko nguvu.

Wengi hukosea kwa kuongeza sukari wakidhani wanaongeza nguvu. Kinywaji kikipita gramu 80 za sukari kwa lita, tumbo hukishikilia. Kikishuka kwenye utumbo kikiwa kizito hivyo, mwili huvuta maji kutoka kwenye damu kwenda utumboni ili kukilainisha. Yaani unakunywa huku unakauka, na mwisho wake ni tumbo kuunguruma na kuharisha. Soda na sharubati ya matunda huwa na gramu 100 au zaidi kwa lita, kwa hiyo sharubati ichanganye nusu kwa nusu na maji, utie na ile chumvi.

Nani anahitaji chumvi zaidi? Angalia kofia nyeusi au fulana yako ikishakauka. Ukiona michirizi meupe kama ramani, jasho likiingia machoni linawasha, na ngozi ya shavuni ukipitisha kidole unahisi punje, jasho lako lina chumvi nyingi. Kwa watu wengi lita ya jasho hubeba karibu gramu 1 ya sodiamu, lakini wapo wanaotoa nusu ya hiyo na wapo wanaokaribia mara mbili. Hao wa mwisho waongeze chumvi kidogo kwenye mlo wa kabla na baada ya mazoezi. Pakiti za ORS zilizotengenezwa kwa wagonjwa wa kuharisha zina chumvi nyingi na sukari chache kuliko kinywaji cha mazoezi. Zinafaa baada ya siku ngumu ya jasho, si kama chanzo cha nguvu njiani. Kuhusu misuli kukakamaa, chumvi hailindi kila mtu: mara nyingi chanzo ni misuli kuchoka kupita ilivyozoea, na dawa yake ya papo hapo ni kuinyoosha taratibu.

Hatari ambayo wengi hawaijui

Kunywa kupita kiasi kunaweza kuua, na huua watu waliokuwa wakijitahidi kufuata ushauri. Katika marathoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya milimoli 135 kwa lita au chini yake, kiwango ambacho watafiti walihesabu kuwa damu imezimuliwa. Dalili kubwa iliyowatambulisha ilikuwa kwamba walimaliza mbio wakiwa wameongezeka uzito, na wengi wao walikuwa watu wa mwendo wa polepole, waliotumia zaidi ya saa nne. Sababu yake inaeleweka: anayekwenda polepole hutokwa jasho kidogo, ana muda wa kunywa kwenye kila kituo, na ameambiwa asipitwe na kituo hata kimoja. Wakati wa mazoezi magumu mwili pia hutoa homoni inayozizuia figo kutoa maji, kwa hiyo ziada haipati njia. Maji huingia kwenye seli, za ubongo zikiwemo, na ubongo hauna nafasi ya kuvimba ndani ya fuvu.

Kanuni yake ni fupi: usimalize mazoezi ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Pete ikibana, mikanda ya saa ikiacha alama, tumbo likijaa maji, ukaanza kuumwa kichwa na kichefuchefu, acha kunywa. Chumvi ndani ya kinywaji haikukingi ukinywa kuliko unavyotoa. Epuka pia vidonge vya maumivu kama ibuprofeni kabla ya mbio ndefu, kwani huziongezea figo mzigo wakati mbaya.

Anayeanza kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo au kupata degedege baada ya mazoezi marefu asipewe maji matupu kabisa. Mpeleke hospitali mara moja, ukawaambie wahudumu alikuwa akinywa kiasi gani. Mwenye dalili nyepesi na fahamu kamili anaweza kunywa supu yenye chumvi nyingi kwa kiasi kidogo.

Tatizo hilo hufanana kwa nje na kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani ya mwili hupita nyuzi 40 na mtu huanza kuongea ovyo au kuzirai. Huyo apozwe palepale kwanza, asafirishwe baadaye: mzamishe mwili kwenye maji baridi hadi shingoni kichwa kikiwa kimeshikwa, au kama hakuna beseni, mmwagie maji mfululizo na kumpepea. Kila dakika ina thamani. Na hili lisisahaulike: kiharusi cha joto humpata hata aliyekunywa vizuri. Siku ya unyevunyevu usio na upepo jasho halikauki, linadondoka tu, na hapo kinga ni kupunguza kasi.

Baada ya mazoezi

Kama mazoezi mengine ni kesho kutwa, kula mlo wako wenye chumvi ya kawaida, kunywa kwa kiu, basi. Hakuna hesabu zaidi. Ila kama una mazoezi mengine ndani ya saa kumi na mbili, jipime na unywe lita moja na nusu kwa kila kilo iliyopungua. Ile nusu ya ziada ni kwa sababu figo zitatoa sehemu yake. Yule wa kilo 0.8 anahitaji lita 1.2, aisambaze kwa saa mbili hadi nne, pamoja na chakula chenye chumvi. Akiyamimina maji matupu kwa mkupuo mmoja, damu huzimuka, kiu inakatika kabla deni halijalipwa, na mengi huishia chooni. Maziwa yanafanya kazi hii vizuri sana kwa mwenye tumbo linaloyakubali, kwa kuwa yana sodiamu, sukari na protini, na hutoka tumboni taratibu. Pombe haifai hapa. Huizuia ile homoni inayohifadhi maji.

Wenye ugonjwa wa figo, moyo kushindwa kufanya kazi, shinikizo la damu linalotibiwa kwa vidonge vya kukojoza, au waliokatazwa chumvi, wapeleke namba zao za jasho kwa daktari kabla ya kubadilisha chochote.

Chupa yenyewe isipuuzwe. Kinywaji chenye sukari kikilala humo usiku mmoja, ute hujijenga chini ya mfuniko na kwenye mpira wa mdomo, mahali ambapo maji ya kusuuza hayafiki. Toa ule mpira, usugue kwa mswaki wa zamani na sabuni, suuza kwa maji ya moto, kisha iache ikauke ikiwa wazi na imepinduliwa.